Mbao za Bure na Hesabu Zake
(Hotuba ya Mhazini wa Umoja kwenye hafla ya harambee ya mwaka, Dar es Salaam)



Nimepewa dakika 20, na Katibu amenionya nisisome mizania. Taarifa ya fedha iliyokaguliwa iko kwenye kurasa za mwisho za kijitabu hiki, kila mmoja ataisoma kwa wakati wake. Mimi leo nitazungumzia jambo moja tu lililotuchukulia muda mwingi kuliko jambo lolote la mwaka huu, nalo ni zile mbao. Wengi wenu mmelisikia nusunusu kwenye misiba na kwenye vikao vya kahawa. Wengine mmesikia kwamba mhazini aligombana na wazee kijijini. Ni kweli, niligombana nao. Nitalieleza lote.

Mwezi wa kumi na moja mwaka juzi nilikuwa nafunga hesabu za mteja wangu mmoja mwenye mgahawa pembeni ya bahari. Pale nje alikuwa na jukwaa kubwa la mbao, limenyanyuliwa juu ya nguzo, watu wakikaa jioni wanapunga upepo na kula samaki. Alikuwa ameamua kulibomoa aweke zege na marumaru. Akaniambia, "Mhasibu, nyie si mna chama cha nyumbani? Chukueni mbao zote, bure. Ila nina siku nne tu, fundi wa zege anaanza Jumatatu."

Ndugu zangu, neno "bure" mwanadamu akilisikia masikio yanaziba. Mimi kazi yangu ni kuuliza maswali. Nikienda ofisi ya mtu nauliza risiti ya vitafunwa. Siku ile sikuuliza hata swali moja. Nilimpigia Mwenyekiti, Mwenyekiti akasema "Alhamdulillah", na kesho yake asubuhi mafundi walikuwa pale na mitaimbo.

Tulipata vipande 214. Vya juu, vile watu walivyokuwa wanakanyaga, vilikuwa mbao za mkongo za inchi moja kwa sita, vipande 126. Vya chini, vilivyoshikilia sakafu, vilikuwa paini ya dawa, mbili kwa nne na mbili kwa sita, vipande 88. Naomba mkumbuke hizo aina mbili, maana kila tatizo tulilopata baadaye limetokana na sisi kuzifanya aina moja.

Mkongo si mbao ya mchezo. Ulikuwa umepigwa jua na chumvi miaka mingi, umegeuka rangi ya majivu, mtu asiyejua angesema ni kuni. Lakini fundi alipopiga randa kipande kimoja, ile rangi nyekundu ya kahawia ikatokea kama imekatwa jana. Mbao ya zamani ya aina hii ina sifa ambayo mbao mpya ya dukani haina: imekwisha kukauka. Haitapinda wala kupasuka baada ya kutengenezewa meza. Mnajua wenyewe mbao zinazouzwa sasa hivi, nyingine unainunua asubuhi bado inatoa maji, baada ya miezi mitatu mlango haufungi.

Hata hivyo, mbao ya zamani ina gharama zake, na hizi ndizo ambazo mtu anayekupa bure hakutajii. Kwanza misumari. Ile ya pale baharini ilikuwa imeliwa na kutu, ukiivuta inakatika kichwa, mwili unabaki ndani. Msumeno ukikutana nao, meno yamekwisha, na randa ya umeme ndiyo kabisa. Kijana wetu mmoja alichomwa mguu, tukamkimbiza kupata sindano ya pepopunda. Pili, ncha. Pale mbao zilipokuwa zinakutana maji yalikuwa yakituama, kwa hiyo karibu kila kipande cha futi 12 tulikikata ncha mbili, tukabaki na futi kumi. Tatu, randa inakula unene. Ukihesabu mbao za mtumba kama unavyohesabu mpya, umejidanganya kabla hujaanza.

Sasa hesabu. Kubomoa, siku tatu, fundi mmoja na vibarua watano, pamoja na chakula na ile sindano: shilingi 420,000. Gari dogo la kuzitoa pale na kuzihifadhi uwanjani kwa mwanachama mmoja: 120,000. Lori la Fuso kwenda nyumbani: 1,100,000. Mkasa wa njiani, ambao nitaueleza: 190,000. Vijana wa kubeba kwa kichwa kutoka pale gari liliposhindwa mpaka shuleni: 85,000. Jumla 1,915,000.

Na tulipata nini? Mkongo ule, kwa hali ile, mafundi wa Keko walisema wangeununua kwa 15,000 kipande. Mara 126 ni 1,890,000. Paini iliyotumika nyumbani ingeuzika kwa 4,000. Mara 88 ni 352,000. Jumla 2,242,000. Kwa hiyo faida ya zawadi yetu kubwa, iliyopigiwa makofi hapahapa ukumbini mwaka jana, ilikuwa shilingi 327,000. Pesa hiyo wanachama 33 wangeitoa kwa shilingi elfu kumi kila mmoja na chenji ikabaki, bila mtu kuchomwa msumari.

Nasikia mnacheka. Chekeni, lakini ngojeni kidogo, maana kuna la kuchekesha zaidi. Hizi paini 88 tulizipeleka wapi? Lushoto! Tulipakia paini Dar es Salaam, tukapita Chalinze, Segera, Korogwe, tukapanda kona zote za Mombo mpaka Soni na kuendelea, tukazishusha kwa watu wanaoamka asubuhi wanatazama shamba la paini la Shume. Wazee hapa wanajua kwamba enzi za Mjerumani kulikuwa na njia ya waya wa kuteremshia magogo kutoka Shume mpaka Mkumbara kwenye reli. Zaidi ya miaka mia moja mbao zinashuka kutoka kwetu. Umoja wetu ndio wa kwanza kuzipandisha.

Laiti ningekaa chini nusu saa na kalamu. Paini ile ingeuzwa hapahapa mjini kwa mafundi wa kuchapia zege, wao hawajali rangi wala tundu la msumari, wangeinunua kwa 5,000, na tungepata 440,000. Mkongo peke yake ungeingia kwenye Canter kwa 700,000 badala ya Fuso. Nimeweka na 60,000 ya vibali. Nimeipiga hesabu hiyo mara mbili: faida ingekuwa 945,000. Haraka yangu iliwagharimu 618,000. Naisema hapa mbele yenu ili mwakani mtu mwingine akisema "bure" mnikumbushe.

Mkasa wa njiani ni mfupi na kosa ni letu. Tulichelewa kupakia, tukatoka mjini saa kumi jioni kwenye foleni. Kusafirisha mazao ya misitu kuna kanuni zake, na kunahitaji hati. Sisi tulikuwa na barua ya mwenye mgahawa tu, yenye muhuri mzuri wa samaki. Kwenye kizuizi hakuna mbao kuukuu na mbao mpya, kuna mbao. Dereva na utingo wakalala pale siku mbili. Ushauri wangu: kabla ya kupakia hata kipande kimoja, nenda ofisi ya misitu ya wilaya uliyopo, na barua ya aliyekupa, na orodha ya vipande kwa aina na ukubwa, uulize unatakiwa uwe na nini. Na uondoke alfajiri.

Hayo yote ni ya fedha, na fedha hutafutwa. Sasa nakuja kwenye mambo mawili yaliyoninyima usingizi.

La kwanza ni kuni. Mbao zilifika shuleni mwezi wa kumi na mbili, zikawekwa kwenye darasa bovu lisilotumika, chini ya usimamizi wa mzee wetu mmoja, ambaye ni mjomba wangu. Fundi alianza kazi mwezi wa tano mwaka jana. Alikata, akapiga randa, na vipande vilivyobaki akavitupa nje, vya mkongo na vya paini pamoja. Mama zetu wanaopika uji wa watoto wakaona kuni kavu zimeletwa na Mungu. Mlango wa pili tu, hakuna kupanda mlima. Nani asingezichukua?

Mwisho wa mwezi huo nikapanda nyumbani kuhesabu. Tukiwa tumekaa pale jikoni tunakunywa chai, akapita bwana misitu kutusalimia. Akatazama lile rundo, akachukua kipande, akakikata kidogo kwa panga, akanionyesha pale palipokatwa. Nje kilikuwa cha kijivu. Ndani, karibu na ukingo, kilikuwa na ukijani. Akasema, "Hizi msipikie."

Ile dawa ya kijani wanayotia paini na nguzo ili zisiliwe na mchwa, aina iliyozoeleka, ndani yake kuna shaba, kromiamu na aseniki. Ule ukijani ni wa shaba. Aseniki ni sumu, na kwenye mbao imekaa imeshikwa, inafanya kazi yake ya kuua mchwa. Lakini ukiichoma mbao hiyo, nyingine inatoka na moshi na nyingine inabaki kwenye majivu, tena nyingi. Huko Marekani, ambako nyumba nyingi zina majukwaa ya mbao nyuma, watengenezaji waliacha kutumia dawa hiyo kwenye mbao nyingi za majumbani mwishoni mwa mwaka 2003, kwa sababu watoto wanacheza juu yake. Na hao hawakuwa wanaipikia uji.

Nikawauliza wapishi wameanza lini. Wakasema kama wiki mbili. Nikauliza majivu mnatupa wapi. Wakanyamaza, kisha mmoja akanyoosha kidole kwenye matuta ya mboga ya shule.

Ndugu zangu, hakuna mtoto aliyeugua ambaye tumepata habari zake, wala mpishi. Tulikwenda zahanati, tukaeleza, wakaandika, wakatuambia dalili za kuangalia. Tulichukua jembe mimi na fundi na walimu wawili, tukakwangua majivu pamoja na udongo wa juu, mboga zote zikang'olewa, tukatia kwenye viroba, na bwana misitu akatuonyesha pa kufukia mbali na chemchemi. Kuni nyingine nilinunua mimi kwa mfuko wangu mpaka shule ilipofunga. Lakini ile picha sijaweza kuiondoa: mimi nimesaini barua ya kushukuru kwa niaba yenu, na kitu nilichoshukuru kimewaka chini ya sufuria la uji. Mwenye mgahawa hakutudanganya, hatukumuuliza. Angetuambia. Nilipompigia alijibu palepale, "Ndiyo, za chini ni za dawa, si zilikuwa karibu na mchanga?"

Kwa hiyo yeyote aliyechukua vipande vile vya paini nyumbani kwake, na najua wapo, naomba leo leo ampigie simu aliyeko kule. Isiwe kuni, wala mkaa wa kuchomea mahindi. Isitengenezewe kihori cha ng'ombe, mzinga wa nyuki, ubao wa kukatia nyama, kitanda cha mtoto wala banda la kuku. Kama ni nguzo ya uzio, kenchi ya banda, au ngazi ya nje, hapo imefika mahali pake. Anayeikata afunge kitambaa puani, akatie nje, anawe mikono kabla ya kula, na vumbi lake lisiachwe bustanini. Na msitegemee rangi. Mbao ya dawa ikikaa juani miaka kadhaa ukijani unafifia kwa nje, inafanana na nyingine. Kata ncha utazame ndani. Ukiwa na shaka, ihesabu kuwa ni ya dawa.

La pili ni mbao 11.

Siku ileile, baada ya mambo ya kuni, nilihesabu ghalani. Ukijumlisha zilizokwisha kukatwa na zilizobaki, paini zilitimia 88. Mkongo ulikuwa 115. Zilipungua 11. Nikahesabu tena, 115. Nilikuwa na hasira za kuni, nimechoka, na nilikuwa nimeona paini zote zipo na mkongo, ile mbao ya thamani, ndiyo iliyopungua. Mtu wa fani yangu akiona hivyo anajua maana yake, au anadhani anajua. Jioni kwenye mkutano wa kijiji nikasimama nikasoma hesabu, na nikasema maneno ambayo wengine mmeyasikia: "Mbao 11 hazina miguu."

Mjomba wangu alikuwa amekaa kwenye benchi la mbele. Hakujibu. Mwenyekiti wa kijiji akasema jambo hili litazungumzwa. Watu wakatawanyika kimyakimya, na mnajua kwetu ukimya wa namna ile si wa kukubali.

Usiku nyumbani mama yangu akaniwekea chakula, akakaa. Akaniuliza, "Shangazi yako mwezi wa nne mlimzika na nini?"

Sikumwelewa. Akasema, "Mvua ile. Barabara imekatika. Maduka ya mbao huko chini hayafikiki. Viunza vilitoka wapi?"

Wakristo mlioko hapa ambao hamjui, kwetu Waislamu maiti hatumfukii kwa udongo juu ya mwili. Analazwa kwenye mwanandani, zinawekwa mbao juu yake, ndipo udongo unafuata. Hizo ndizo viunza. Mimi nilikuwapo. Nilitoka Dar usiku, nikatembea kwa miguu kilomita kadhaa kwenye matope ili nimuwahi shangazi. Nilisimama ukingoni mwa kaburi lake, nikapokea mbao moja moja na kuishusha kwa aliyekuwa chini. Zilikuwa na matundu ya misumari. Nilizishika kwa mikono yangu hii na sikuzijua.

Masika ile kijijini kwetu walizikwa watu wanne. Watatu walikuwa Waislamu, kila mmoja zilikatwa mbao mbili, ndizo sita. Mmoja alikuwa mtoto wa jirani yetu Mkristo, ambaye jeneza lake lilichukua tano. Ndizo 11. Hesabu ilikuwa sahihi tangu mwanzo, aliyekosea ni msomaji.

Asubuhi nilikwenda kwa mjomba kabla hajatoka kuswali. Nikamwomba radhi. Akaniambia, "Mjomba, wewe uliniambia nitunze mbao za watoto wa shule. Nimezitunza. Hao wanne nao walikuwa watoto wa watu." Nikamuuliza kwa nini hakuandika kwenye daftari nililomwachia. Akasema, "Niandike nini? Kwamba marehemu fulani anadaiwa mbao mbili?"

Jioni ile niliitisha tena mkutano, nikaomba radhi mbele ya watu walewale. Nairudia hapa kwa sababu nilipopiga simu kwa viongozi wetu wa huku mjini siku ya kwanza nilikuwa nimekwisha kuwaambia kuwa kuna wizi, na habari hiyo ilisambaa haraka kuliko ile ya pili. Hapakuwa na wizi. Mzee yule ametunza mali yenu miezi sita bila posho, kwenye chumba kisicho na kufuli.

Lakini nilibaki na swali la kikazi, nalo sikuliacha. Kosa la kwanza la kitabu lilikuwa langu. Mbao zile nilipoziandika kwenye hesabu za mwaka ule niliziandika kwa thamani ya sifuri, kwa kuwa hatukuzinunua. Hivyo ndivyo wengi wanavyofanya na misaada ya vitu, na ni makosa. Kitu kilichopokelewa kinaandikwa kwa thamani ambayo kingeuzwa siku hiyo, na gharama za kukifikisha zinaandikwa pembeni yake, ili mtu akisoma aone zawadi ni nini na imetula nini. Mwaka huu mtaona nimerekebisha, ukurasa wa nne wa taarifa, na Mkaguzi amekubali.

Na jambo la misiba tumekubaliana hivi na wazee, baada ya vikao vitatu na kahawa nyingi. Katika kila shehena ya mbao safi, isiyo ya dawa, mbao 20 zinatengwa kwa ajili ya misiba. Hizo haziingii kwenye hesabu ya madawati. Zikitoka, mtunza ghala anaandika tarehe na idadi tu. Haandiki jina la marehemu wala la familia. Mimi nilitaka jina, kwa sababu ya ukaguzi. Nilishindwa kwa kura, na nafikiri nilistahili kushindwa.

Sasa tumefika wapi na madawati, maana hiyo ndiyo ilikuwa nia. Mnakumbuka kampeni ya madawati ya mwaka 2016 nchi nzima. Shule yetu ilipata, lakini mengi ya miaka ile yamekwisha kuvunjika. Kutoka kwenye mkongo uliobaki fundi ametoa mbao za juu na za kukalia za madawati 38, zimepigwa randa na kupakwa vanishi, ni imara kiasi kwamba naamini wajukuu wa watoto wale watazikalia. Fremu tumeamua ziwe za chuma. Zimechomelewa 14, na madawati 14 yako darasani tangu mwezi wa saba, watoto watatu watatu. Bado fremu 24. Mchomeleaji wa Lushoto mjini anatoza 45,000 kila moja, jumla 1,080,000. Mbao 24 za watoto 72 zimeegemea ukuta zinasubiri chuma.

La pili tunaloomba ni ghala. Lile darasa bovu linavuja, na mkuu wa shule analitaka alikarabati. Mbao inataka kunyanyuliwa kutoka ardhini, ipangwe na vibao katikati ili hewa ipite, ifunikwe juu lakini isizibwe pembeni. Ikilazwa sakafuni kwenye ukungu wa kwetu, hata mkongo utaoza. Na hapa ile paini yetu ya aibu imepata kazi: nguzo fupi, kenchi na papi zote za banda zitatoka humo, hatununui hata kipande. Tunahitaji bati 30 kwa 840,000, na saruji, misumari, kufuli na ufundi kwa 460,000. Ukijumlisha na fremu ni shilingi 2,380,000. Ndilo lengo la jioni ya leo kwa mradi huu, miradi mingine Katibu ataieleza.

Neno kwa mnaokarabati nyumba hapa mjini, maana nawaona. Mkibomoa dari, varanda, jukwaa, milango au fremu za madirisha, msiniletee picha siku ya nne. Nipigieni kabla fundi hajagusa. Nitawauliza ni mbao gani, ilikuwa juu au karibu na udongo, ilitiwa dawa au rangi gani, na ina urefu gani ikikatwa ncha. Mara nyingine nitawajibu kwamba bora umpe fundi wa mtaani kwako au jirani anayejenga, nasi utuchangie hata elfu tano. Msikasirike. Kuna mjumbe mmoja mwaka huu nimemkatalia makochi sita na friji isiyofanya kazi, na bado tunasalimiana.

Fomu za ahadi ziko kwenye meza ya mlangoni, na bahasha ziko kwenye viti vyenu. Daftari la ghala nimekuja nalo, lile lenyewe, kuanzia kipande cha kwanza mpaka cha 214. Anayetaka kulitazama aje hapa mbele baada ya chakula. Kesho kutwa napanda nalo nyumbani. Mjomba ameniagiza penseli mbili na kichongeo, anasema kalamu za wino zinagoma asubuhi kwenye baridi.